Namba ya kwanza kuonekana

Leo nawaza juu ya bei iliyokatwa mstari. Imefutwa, lakini imeachwa isomeke, kwa sababu bado ina kazi: macho yaanze nayo ndipo yashuke kwenye bei mpya.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la namba lililozungushwa mbele ya watu. Wengine liliwasimamia kwenye 10, wengine kwenye 65. Kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kadirio la kati la kundi la 10 likawa 25. La kundi la 65 likawa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, na bado liliwavuta. Sembuse namba iliyobandikwa kwenye bidhaa yenyewe!

Kinga yake ni kuandika, kabla ya kuona bei yoyote, kiasi cha juu utakachokubali kulipa. Kiandike hasa. Kiasi kinachobaki kichwani hupanda chenyewe ukishaiona lebo, nawe utaapa kwamba ndicho ulichokusudia tangu mwanzo. Ukifika, linganisha bei mpya na karatasi yako tu. "Umeokoa kiasi fulani" si hesabu yako.

Mtego ninaoudhikia zaidi ni wa saizi tatu za bidhaa moja. Tuseme ndogo ni gramu 200 kwa bei ya 40, ya kati gramu 400 kwa 90, kubwa gramu 500 kwa 100. Mkono unakwenda kwenye kubwa: nyongeza ya 10 tu, gramu 100 zaidi! Sasa funika ya kati kwa kidole, ugawanye. Ndogo ni 20 kwa kila gramu 100. Kubwa nayo ni 20, vilevile. Hakuna nafuu yoyote. Ya kati, yenye 22.5, imewekwa pale ili kubwa ipendeze.

Hata hesabu hii hupotosha ukigawa kwa gramu zilizoandikwa badala ya zile utakazotumia. Ukinunua kubwa, ukatumia gramu 350 na zilizobaki zikaharibika, umelipa karibu 28.6 kwa kila gramu 100. Ndogo mbili zingekutosha kwa 80, na ya pili ingekaa bila kufunguliwa hadi ya kwanza iishe.