Kipande cha shabu

Masika haya maji ya bomba yanatoka rangi ya chai ya maziwa. Mto Zigi umejaa, na tope la huko bwawani Mabayani tunalipokea ndooni. Jirani akaniambia: nunua shabu, izungushe kwenye ndoo, uache itulie. Nikamtuma Mwanaidi dukani. Akarudi na kipande kimefungwa kwenye gazeti, cheupe, kama barafu iliyogoma kuyeyuka. Kabla hajakitia majini akakilamba, akakunja uso.

"Mama, kina ukakasi! Ndicho hiki cha kina bibi?"

Nikajifanya sikusikia. Mwanaidi ana miaka 26, posa yake imejibiwa mwezi uliopita, na anajua vizuri kabisa kuwa ndicho.

Mimi nilifunguliwa kipande kama hicho mwaka 1991, siku ya tatu ya kufundwa. Somo yangu alinifunza mengi ambayo mpaka leo namshukuru: kuvukiza udi bila kuunguza nguo, kumpokea mtu aliyetoka safari, kunyamaza pa kunyamaza (hilo sikulishika, mnanijua). Na shabu, ya kujikausha huku chini. Mwanamke asiwe maji, alisema. Maji ni aibu, maji ni mwanamke aliyetembea. Ukavu ndiyo heshima. Nikalishika hilo kama alifu na be.

Mwaka 2021 nikatimiza miaka 50, na heshima ikanijia yenyewe, bila kuinunua.

Hedhi ilikuwa imekoma mwaka na zaidi nyuma. Joto la ghafla nililizoea. Kwenye kikoba chetu mmoja akianza kujipepea wote tunajipepea na kucheka. Lakini hili la huku chini hakuna aliyekuwa amelitaja. Kuwashwa nikikaa, kuchomwa nikikojoa, na usiku wa mume ni kama mtu kanipitishia msasa. Mara tatu nilikwenda kupima mkojo, mara tatu nikapewa dawa za yutiai. Mara ya tatu kijana wa maabara aliandika hakuna kilichoonekana, na dawa nikapewa vilevile. Baba Mwanaidi naye akaanza kuchelewa kwenye bao. Mwanzo saa tatu, baadaye saa tano. Nikisikia komeo la mlango nageukia ukutani na kukoroma. Nilikuwa hodari wa kukoroma.

Nikaenda kwa somo.

Ilikuwa Jumamosi, alasiri imeshasaliwa. Nilimkuta ukumbini juu ya mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele, miwani imeshikizwa na uzi nyuma ya kichwa. Nikamwamkia, nikambusu mkono, nikaketi na kuingiza vidole kwenye ungo ule ule, kwa sababu kwa somo hukai mikono mitupu. Tukauzungumza mchele, jinsi siku hizi unavyouziwa mawe kwa bei ya Kyela. Tukaizungumza harusi ya mtaa wa nyuma. Tukamzungumza marehemu mzee wake. Kila jiwe alilolipata hakulitupa. Alilipanga ukingoni mwa mkeka, moja baada ya jingine, kama anayehesabu tasbihi. Yalipofika saba nikasema, macho nimeyaweka kwenye mchele:

"Somo, kisima kimekauka."

Vidole vyake vikasimama. Akatazama mlangoni, ambako kitukuu chake kilikuwa kinacheza gololi, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Kimekauka, au kinauma?"

"Vyote, somo."

Akaushika ungo kwa mikono miwili, akaupepeta mara moja. Mchele ukaruka, ukarudi wote, na makapi yakaelea kwenye mwanga wa mlango. Akangoja mpaka yalipotua.

"Mimi nilihamia kwa wajukuu," akasema.

Nikadhani amebadilisha mazungumzo. Uzee, nikajisemea.

"Nilimwambia mzee, Juma analia usiku, anamtaka bibi yake. Juma alikuwa halii. Mtoto mpole yule! Nikachukua mto wangu nikaenda."

"Kwa muda gani, somo?"

"Juma ana mke sasa."

Nikawa sina la kusema. Yeye akaendelea kuchagua mchele.

"Na mzee hakuuliza?"

"Aliuliza mara moja. Nikamwambia tumezeeka. Akaniambia, wewe ndiye umezeeka." Akapata jiwe la nane, akaliweka kwenye mstari wake, akalisogeza kidogo linyooke. "Basi. Hakuuliza tena mpaka tunamzika."

Nje gololi ziligongana. Kitukuu kikashangilia peke yake.

"Hili mimi sikufundwa na mtu, mwari wangu. Ndiyo maana sikuwa na la kukufunda." Halafu, kama mtu aliyekumbuka jiko: "Shabu ulishaacha?"

"Zamani."

"Acha."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nikiwahesabu wale mabibi wa mtaani kwetu ambao kila mtu anasema wanavyowapenda wajukuu, hata kulala wanalala nao. Nilifika kumi na moja nikaacha kuhesabu. Pengine wengine wanawapenda kweli.

Jumatatu nikarudi kliniki, safari hii nikaomba nionwe na mwanamke. Nikapewa mkunga mtu mzima aliyekuwa ananena kama mwenye basi la kuwahi. Akanichunguza, akasema hapa hakuna yutiai, hapa pamekauka. Ovari zikistaafu, homoni ya estrogeni inashuka, na ngozi ya ukeni ilikuwa inaishi kwa homoni hiyo: inakuwa nyembamba, haitoi ute kama zamani, ule uchachu wake unaozuia vijidudu unapungua, na njia ya mkojo, kwa kuwa ni jirani, inaumwa pamoja. Nikamuuliza litapita lini, kama joto. Akasema joto hupita. Hili ukiliacha huwa halipiti, huzidi.

Nilipomtajia tone la damu nililoliona kwenye kanga akabadilika sura. Hakukubali kusema ni ukavu huohuo mpaka aitazame shingo ya kizazi, na akaniandikia utrasaundi juu yake. Damu ya aliyekoma hedhi haikisiwi, alisema. Yangu ilikuwa ni mchubuko tu, lakini siku mbili zile za kungoja majibu zilinila, si mimi niliyezila.

Kisha akaanza kunipokonya vitu. Sabuni huko ndani, hapana, hata ile ya watoto. Kujifukiza, hapana. Kujiosha kwa vidole mpaka ndani, hapana, pale panajiosha penyewe. Nikamuuliza kuhusu mafuta ya nazi, maana mimi wa Tanga nitauliza nini kingine. Akacheka. Akasema kama hamtumii kondomu, na nazi umeikamua mwenyewe bila kutia manukato, haya. Mwenye kondomu asiguse mafuta, yanaipasua, atafute jeli ya maji. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuugua saratani ya titi, akaandika krimu yenye estrogeni kidogo: kila usiku kwa wiki mbili, baada ya hapo mara mbili kwa wiki. Famasi tatu hawakuwa nayo. Mpwa wangu akainunua Dar, ikaja na basi ndani ya mfuko wa mapera. Kondakta akanisifia mapera.

Kabla ya krimu kufanya kazi, na haikufanya haraka, ilinibidi nimwambie mwenye nyumba. Nilimwambia usiku ambao umeme umekatika, na nashukuru ulikatika. Alikaa kimya mpaka nikadhani kalala.

"Mimi nilijua umenichoka," akasema. Halafu baadaye sana: "Na ule mwaka wa Mwanaidi, je?"

Nilikuwa nimeusahau. Mwaka 1999, namnyonyesha Mwanaidi, tuligombana miezi miwili kwa jambo hilihili, mpaka mama mkwe akaitwa kusuluhisha. Kumbe mwenye kunyonyesha naye estrogeni yake hushuka. Mkunga aliniambia hilo nilipomrudia. Mama mkwe alikuwa amesema nimefanyiwa jambo, na kuku mweusi akachinjwa. Maskini yule kuku.

Haikurudi kuwa kama ya mwaka 1991, nisimdanganye mtu. Wakati mwingine tunaishia kucheka. Bao linamalizika saa mbili.

Somo alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Sikuwahi kumweleza habari ya krimu. Ningemwambia nini, kwamba ilikuwa inauzwa?

Sasa ukoo umemchagulia Mwanaidi somo mwingine, mdogo kwangu, mwenye sifa ya ukali, na kwetu mama hamfundi mwanawe. Jana ndoo ilikuwa katikati ya ua, tope linashuka polepole chini, maji yanabaki kama kioo. Mwanaidi akakishika kile kipande kwa vidole viwili.

"Mama, sijajibiwa."

"Hiyo ni ya maji," nikasema.

"Ya maji tu?"

Hapo akatoka baba yake, kidevu kina povu, kajikata na wembe. "Nipeni hiyo shabu," akasema, akaichukua, akaibandika kwenye jeraha, akarudi ndani anapiga mluzi. Mwanaidi hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikamwambia akimaliza kufua aje chumbani kwangu. Nguo zimeshakauka tangu saa tisa. Nasikia anazikunja huko ukumbini, taratibu mno, na mimi sijamwita.