Wiki hii kiti cha kwanza ni changu

Kiongozi wa kundi letu la tromboni, zile tarumbeta za mrija wa kuvuta, amesafiri tena. Kaalikwa kupiga koncheto, yaani kazi ya mpiga solo mmoja na okestra, mbele ya okestra nyingine, kwa hiyo mimi wa kiti cha pili nimesogezwa hadi kiti chake, na kijana mmoja mgeni kaletwa kukaa changu. Kwenye programu jina langu limepanda mstari mmoja. Kwa asiyeujua mpangilio huu nimepata cheo. Mzee wetu wa tromboni besi yeye kanitazama juu ya miwani na kusema, "Haya, bosi wa muda."

Kazi yenyewe ni Simfoni ya Kwanza ya Brahms, na sijui kama ipo nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kiti cha kwanza ni kitu gani. Sehemu tatu zote za mwanzo tromboni hazina noti hata moja. Unakaa zaidi ya nusu saa, tromboni magotini, ukipuliza hewa ya moto kimyakimya ndani ya mrija usije ukapoa, midomo ikizidi kukauka. Halafu sehemu ya nne, baada ya honi kuimba, tromboni tatu pamoja na mabasuni, zumari kubwa za sauti nzito, zinaingia na wimbo wa taratibu wenye sura ya utenzi wa kanisani, kwa sauti ndogo na laini. Mpigaji wa kwanza anapanda mpaka noti ya la ya juu, na haruhusiwi kuigonga, lazima aiguse tu. Mistari yenyewe ni michache. Ukiharibu, ukumbi mzima unajua. Ukifaulu, hakuna anayegeuka kukutazama, maana watu wanasikia Brahms. Kwangu mimi hiyo ni ngumu kuliko kurasa nyingi za koncheto zenye noti zinazokimbia kama zimefukuzwa.

Mazoezi ya jana hayakukaa sawa mara ya kwanza. Kijana mgeni ana sauti nzuri mno, yenye kung'aa, na mwisho wa kila noti anaitetemesha kidogo kama afanyavyo mtu aliyesimama peke yake jukwaani. Kwenye akodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, alikuwa ameshika noti ya kati, ile ya tatu kutoka noti ya msingi, ambayo ikipigwa kwa kimo kilekile cha piano inasikika juu mno ndani ya akodi meja, ile yenye sura ya furaha. Mzee alimwinamia: "Mdogo wangu, ishushe kidogo hiyo yako, halafu acha kuitikisa." Kijana akavuta mrija nje, kiasi cha upana wa kidole hivi. Akodi ikatulia. Tromboni haina vitufe vya kukupa noti, ina nafasi saba ambazo hazikuchorwa popote ila kwenye sikio na mkono, na ndiyo sababu inaweza kurekebishwa namna hiyo papo hapo.

Upana huo wa kidole ndio ninaoufikiria usiku huu. Mpiga solo hulipwa ili asikike juu ya okestra, kwa hiyo hujifunza kuiweka sauti yake mbele, pengine juu kidogo, na mwendo awe nao yeye. Kiongozi wa kundi anatakiwa atoe sauti ambayo wa pili na wa besi wataikalia. Ni mtu yuleyule, midomo ileile, mara nyingi wiki ileile. Kiongozi wetu anarudi Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi tuko naye mazoezini. Siku mbili za kwanza huwa anatuzidi sauti. Hatumwambii, Mzee hukohoa tu.

Kuna walioamua kati ya solo na kiti. Christian Lindberg wa Uswidi aliingia okestra ya opera Stockholm akiwa na miaka 19, hakukaa, akaondoka kwenda kuishi kwa solo peke yake, jambo ambalo kwa tromboni lilionekana karibu wazimu. Ian Bousfield alikaa na Vienna Philharmonic toka mwaka 2000 hadi 2012, kisha akakiacha kiti ambacho wengi wangekifia. Joseph Alessi alichukua kiti cha kwanza New York Philharmonic mwaka 1985 na akakishikilia kwa miongo mingi. Akiwa papo hapo, okestra yake ndiyo iliyomsindikiza mwaka 1992 alipoizindua koncheto ya Christopher Rouse, ambayo mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Pulitzer. Mimi huyu wa tatu ndiye ninayemhusudu. Naelewa pia kwamba njia yake si ya kila mtu: Mozart, Beethoven na Brahms hawakutuachia koncheto hata moja, na kumbi zinazoalika wapiga fidla na piano mwaka mzima hututafuta sisi kwa nadra. Wengi wa wapiga solo wetu wanakula kwa kiti cha okestra au kwa kufundisha.

Anayenifurahisha zaidi ni wa zamani, Karl Queisser wa Leipzig. Ferdinand David, kiongozi wa wapiga fidla wa Gewandhaus, okestra ya mji huo, alimwandikia concertino, yaani koncheto fupi, ya tromboni iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1837. Sifa zake zilitoka kwenye tromboni, lakini pale okestrani Queisser alikuwa pia mpiga viola, fidla kubwa kidogo. Sijui kama naye alikuwa na mtu wa kumkoholea.

Concertino hiyohiyo ya David ndiyo iliyoko mezani kwangu sasa. Nafasi ya naibu kiongozi imetangazwa hapa kwetu, na orodha ya usaili imetoka: David kwanza, kisha solo ya Boléro ya Ravel, solo ya Tuba mirum kutoka Requiem ya Mozart, na ile ndefu ya Simfoni ya Tatu ya Mahler. Zote unazipiga peke yako, nyuma ya pazia, mbele ya watu wasiokuona. Utaratibu wa pazia nauunga mkono kabisa, umezuia upendeleo mwingi. Lakini cheo cha kundi kinatolewa kwa kupiga solo, na hakuna raundi hata moja ya mwanzo inayouliza kama unajua kushusha noti ya tatu kwa upana wa kidole. Hilo linangoja kipindi cha majaribio, wakati tayari umeshaajiriwa na umeshakaa katikati ya watu.

Nilimwuliza Mzee kama nijaze fomu. Akasema nijaze, ila nisimwombe anisikilize nikipiga David, maana ameisikia ya kutosha kwa maisha haya. Kuhusu Brahms kesho, alisema nitakapofika kwenye ile noti ya la ya juu nisihangaike na sauti. Yeye na kijana wataniwekea sakafu, kazi yangu ni kupumua mapema. Fomu inafungwa Ijumaa.