Tamthilia naisikiliza, na bado nina neno

Wiki nzima nabishana na watu kwenye grupu letu la wapenda tamthilia na bado moyo haujatulia, kwahiyo leo naandika kwa urefu, maana kule ukizidisha mistari mitano mtu anakujibu na kikatuni cha kucheka hata nusu hajasoma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Tv iko juu ya kabati la vitambaa na inaongea toka asubuhi mpaka nafunga, ila macho yangu yako kwenye sindano, sababu ukiinua kichwa wakati unapiga marinda ya sketi ya shule rinda moja linaenda kombo na hapo unafumua yote. Ndo maana tamthilia nazisikiliza kuliko kuziangalia, miaka mingi sasa.

Ugomvi ulianza niliposema ile tamthilia ambayo kila mtu anaisifia saa hizi (jina naliacha, vita moja inatosha) imeandikwa vibaya. Weee! Kuna chalii wa Sakina kule Arusha, ndo mbishi wetu mkubwa, akaja juu, aisee dada angalia nyumba zile, angalia magari, angalia picha ilivyo tulia, hivi unataka nini tena? Mwingine akaniuliza nitashindanaje na watu wote wanaoipenda. Halafu chalii akamalizia, "kwanza wewe huangalii, unasikiliza, sasa unahukumu nini?"

Hilo neno liliniuma mpaka nikazima mashine.

Mama yangu kule Kibosho hakuwa na tv. Alikuwa na redio ya betri, na ule mchezo wa redio, Twende na Wakati, ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993 ilikuwa ikifika saa yake hakuna kumsemesha. Mkwaju yule dereva wa lori, mwenye wanawake kila anakopita, mama alikuwa anamjua kama anavyomjua jirani wa mpaka mmoja, anamgombeza kabisa, anamtetea Tunu mkewe, machalari yanashika chini ya sufuria yeye hana habari. Hakuna picha hata moja pale. Ni sauti tu na maneno yaliyopangwa na mtu anayejua watu wanavyoongea. Kwahiyo usiniambie masikio hayahukumu.

Na ile ya Kichina mnaikumbuka, ya Mao Doudou na mama wakwe zake, TBC walianza kuionyesha 2011 ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Ni mambo ya Beijing yale, lakini wateja walikuwa wakija kuchukua nguo wanakaa kwenye benchi hawaondoki, sababu ugomvi wa mkwe na mke wa mtoto ulikuwa unaongewa Kiswahili ambacho unakisikia uani kwako.

Yule wa wingi wa watu nilimjibu hivi. Sizoni ya mwisho ya Game of Thrones, ile tamthilia ya Marekani, mwaka 2019, zaidi ya watu milioni moja walisaini mtandaoni wakitaka irudiwe upya, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Sasa nimfuate nani? Mimi nataka mtu aniambie ni sini ipi, ni sentensi ipi.

Sini yangu ni hii, toka hiyohiyo wanayoisifia. Mama anagundua binti yake ana mimba. Anaingia chumbani anaanza, yaani wewe Neema, mwanangu wa pekee niliyekuzaa mimi na marehemu baba yako aliyefariki miaka mitano iliyopita kwa ajali ya gari, leo umenifanyia hivi. Jamani. Neema hajui baba yake alikufaje? Yale maneno tunaambiwa sisi, mtoto hakuambiwa kitu, na juu yake muziki umepandishwa mpaka jibu la mtoto limemezwa.

Mwaka jana aliingia mama mmoja kwangu na binti yake, ameshika sketi ya shule. Akaniwekea mezani, akasema, "Toa akiba yote iliyopo kiunoni." Nikageuza nikaangalia mshono wa ndani, nikamwambia inatoka kama nchi mbili. Kimya. Binti anachezea kamba ya futi. Nimeshashika wembe wa kufumulia mama ndo akaongeza, "Usikate kitu lakini. Mwakani utairudisha ilivyokuwa." Basi, wakatoka. Hakulia, hakutaja marehemu yeyote, na mimi niliishika ile sketi jioni nzima nimeshindwa kuimaliza.

Nikaisimulia kwenye grupu, watu wakanyamaza kidogo. Najua tamthilia ya kila siku inapigwa mbio, wanarekodi sini nyingi kwa siku moja na waandishi hawalali, hilo nalikubali kabisa. Ila sentensi fupi haina gharama kuliko ndefu. Kama kuna pesa ya kukodi nyumba ya ghorofa Mbezi, kuna pesa ya mtu mmoja wa kusoma maneno kwa sauti kabla hayajarekodiwa.

Mwisho nikarekodi sauti ya dakika mbili toka kwenye ile episodi ambayo chalii anaisifia kila siku, nikamtumia bila picha. Siku mbili kimya. Juzi usiku akanirudia na voisi, "Aisee dada, ile mvua iko kwenye picha tu, kwenye sauti hakuna mvua. Wamesimama chini ya bati na hakuna mvua!" Nilifurahi sijui nisemeje, sababu amesikia mwenyewe, sikumwambia.

Halafu akasema na yeye ana lake. Kwamba yule dada anayeigiza Neema, wakati mama anamfokea, kuna kitu anafanya na macho, hajibu ila unaona alishajua mama atajua, na kwamba mimi nimekikosa kwa sababu nilikuwa kwenye marinda. Sina jibu la hilo. Jumatatu wanarudia ile episodi saa nne asubuhi, na wateja nimeshawaambia saa hiyo sishiki nguo ya mtu.