Mwenzi wa kuzamia naye Mafia

Mwezi Novemba nilisafiri peke yangu hadi kisiwa cha Mafia, nikiwa na cheti cha kupiga mbizi na hamu ya miaka mingi ya kuyaona matumbawe ya Ghuba ya Chole, lakini sikuwa na mtu wa kuzamia naye. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa hewa yako ikikatika chini ya maji, tegemeo lako ni kipumulio cha akiba cha mwenzako.

Siku ya kwanza nilipangwa kuzamia pamoja na mgeni aliyeshughulika na kamera yake hata akanisahau, nami nilirudi juu nikiwa na hofu.

Jioni nilimwendea dada mmoja kutoka Tanga, ambaye naye alikuja peke yake, tukaketi na kuulizana maswali ambayo ningepaswa kuyauliza mapema: amezamia mara ngapi, hutumia hewa kwa kasi gani, huogopa nini. Tulikubaliana kugeuka kurudi mtungi wa hewa ukifika baa 100 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa), kufika juu tukiwa na baa 50, na tukipotezana kutafutana kwa dakika moja tu kabla ya kupanda taratibu. Asubuhi, alipokagua vifaa vyangu, aligundua kuwa valvu ya mtungi haikufunguliwa vizuri, akairekebisha. Katika mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kuingilia ghubani, mkondo ulipotusukuma, kila nilipogeuka nilimkuta ameshanitazama.