Mlio wa masikio hukua usiku

Saa sita usiku Makambako. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mbwa wamenyamaza, na sikio linaanza: ziiii, kama nyenje aliyejificha ndani ya ukuta. Mchana mlio ulikuwepo vilevile, ila daladala na redio ya jirani viliufunika.

Wengi hapo hujifunika blanketi gubigubi au kuziba masikio kwa pamba, na mlio unapanda. Ubongo ukikosa sauti za nje huongeza usikivu wake. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman, huko Marekani, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 walisikia milio ndani ya dakika chache. Kwa hiyo si jini, wala si wazimu.

Kinachotesa hasa ni hofu. “Nakuwa kiziwi? Nina uvimbe kichwani?” Ubongo ukishauona mlio kuwa hatari, unauvizia usiku kucha, moyo unaenda mbio, usingizi unakata, na kesho yake uchovu unauongezea nguvu. Ndiyo maana Januari, ada za shule na deni la mbolea vikigongana, mlio hupanda hata kama sikio halijabadilika.

Chukua redio ndogo ya FM, iweke katikati ya stesheni mbili itoe ile sauti ya shwaa, mita moja au mbili kutoka kitandani. Ishushe mpaka mlio uanze kusikika kwa mbali chini yake, kisha iache hapo. Hapa ndipo watu hukosea: wanaufunika mlio wote, na ubongo unakosa nafasi ya kuuzoea. Watu wa Tukuyu wana mvua juu ya bati, dawa ya bure kabisa.

Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, kwa dakika 10. Usingizi ukigoma, inuka uchambue maharage kwenye mwanga hafifu. Usiupime mlio kila saa kama umepungua. Huko ndiko kuulisha. Kuzoea huchukua miezi, tena kwa kupanda na kushuka.

Sikio likaguliwe kwanza. Nta iliyosukumwa ndani kwa njiti za pamba huleta mlio. Dawa kama kwinini, gentamaisini na aspirini ya dozi kubwa pia. Usiache dawa bila kumwuliza daktari, na tafadhali usimimine maji ya kitunguu sikioni. Kwenye mashine za kukoboa Ubaruku au misumeno ya Mafinga, vaa vizibo mashine ikinguruma, uvivue ikizimwa. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), mwisho wake ni saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu.

Mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, ulio upande mmoja tu, au unaokuja na kizunguzungu unahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Sikio likiziba ghafla na kuacha kusikia, nenda siku hiyohiyo: steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, husaidia zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza.