Nyumba bila tivii, sisi tulivyoweza

Mgeni akiingia kwangu akakuta sebuleni hamna tivii swali la kwanza ni "imeharibika?" Nikimwambia tuliiuza wenyewe, na ilikuwa nzima, ananiangalia mara mbilimbili.

Kilichonichosha ni kelele kuliko hata vipindi. Inawashwa asubuhi mpaka usiku hata kama hamna anayeangalia, ukitaka kumwambia mwenzio jambo mpaka upunguze sauti kwanza. Afu tulikuwa na mtoto hajafikisha mwaka, na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ndo vizuri zaidi. Sasa utamzuiaje mdogo wakati kaka zake wamekodoa macho palepale?

Kitu ambacho sikukitegemea ni makochi. Yote yalikuwa yameelekea upande mmoja, tivii imeondoka ila jioni bado tumekaa tunautazama ukuta na yale matundu ya misumari, kila mtu na simu yake mkononi, yaani ni kama hatujafanya kitu. Tukageuza makochi yakatazamana, meza katikati, na simu zote, za wakubwa kwa wadogo, zinachajiwa chumbani kuanzia msosi wa usiku mpaka watoto wakalale. Aliyelalamika kuliko wote ni mume wangu, maana mpira jamani! Tukakubaliana mechi akaangalie kwa rafiki yake na hilo simnyimi.

Watoto wiki za mwanzo ilikuwa "mama naboreka" kila saa. Sikuwatafutia cha kufanya, niliwaacha waboreke hivyohivyo. Wakaanza wenyewe, mara wamejenga nyumba kwa mito na mashuka, mara karata, na mmoja alikuwa hagusi kitabu leo anawasomea wenzie na kuigiza sauti, akifika kwa babu wa kwenye hadithi anakohoa mpaka anapaliwa kweli. Ila siwadanganyi, ugomvi umeongezeka maana wanashinda pamoja, na sebule haikai safi hata nusu saa.

Habari nasikiliza redioni nikiwa napika, inatosha. Katuni wanaangalia kwa jirani wakienda kucheza, siwakatazi. Na huyo jirani juzi kaniuliza kama na yeye aiuze yake, nikamwambia subiri kwanza ligi iishe usije ukatafuta kesi na mumeo.