Siku mausi ilipouza kiwanja cha mama wa watu

Mwaka 2017 Dodoma ilikuwa ya moto, serikali inahamia, CDA, ile mamlaka iliyokuwa inasimamia viwanja vya mji, ndo imevunjwa, kila mtu anatafuta kiwanja na kila ukikaa kijiweni aliye pembeni yako ni dalali. Mi nilikuwa nakaa Kisasa, najifundisha JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandaoni, kwa laptop ya kuazima, mzee mmoja mwenye ofisi karibu na Jamatini akanipa kazi nimtengenezee ramani ya viwanja vyake vya Nala, mteja akipitisha mausi juu ya kiwanja katokee kaboksi kenye namba, na kama kipo au kimeuzwa.

Nikaona hiyo ndogo tu. Skripti inasikiliza mousemove, yaani taarifa kwamba mausi imesogea, kishale kikisogea brauza inakupa namba mbili, umbali toka kushoto na umbali toka juu. Hapo tu nilishatoka jasho, maana shuleni Y inapanda, kwenye skrini sifuri ipo kona ya juu kushoto na Y inashuka! Nikachukua namba hizo, zinaitwa clientX na clientY, nikalinganisha na mipaka ya kila kiwanja, nikajaribu safu za juu, safi kabisa. Za chini sikujaribu. Uvivu huo.

Jumatatu nipo ofisini, feni inazungusha vumbi, kaja mama mmoja bahasha ya hela kaibana kwapani, anataka kile alichoenda kuoneshwa wiki iliyopita. Mzee akaskroli mpaka chini akaweka mausi juu yake. Kaboksi hakakutokea pale, kametokea juu huko kwenye ukingo wa skrini, kamekatwa kichwa, kanasema KIMEUZWA.

Mama kimya. Halafu, "Baba, si ulinambia kipo?"

Mzee akanigeukia taratibu. "Fundi, kiwanja cha mama kauza nani?"

Sikuwa na jibu, nikajikuta namwamkia mama shikamoo kwa mara ya pili. Akaitikia lakini bahasha ikarudi ndani zaidi.

Nikaomba nusu saa, mama akaletewa soda. Nikaweka clientY na pageY, namba nyingine ya umbali toka juu ambayo brauza inatoa, zijiandike pembeni ya ramani nikaanza kusogeza mausi kama kichaa. Ukurasa ukiwa juu kabisa zote zinasema kitu kimoja, nikishuka zinaachana. Nikatua kwenye kiwanja cha mama: clientY 290, pageY 590, na ukurasa umeskroliwa pikseli 300. Nilicheka peke yangu. clientY inapima toka ukingo wa juu wa dirisha unaloliona, haijali umeshuka kiasi gani, pageY inapima toka mwanzo wa ukurasa wenyewe hata kama umeshapotelea huko juu. Kwa hiyo skripti yangu ilikuwa inasoma kiwanja cha pikseli 300 juu yake, na hicho kweli kiliuzwa, na kaboksi nako kakaenda kukaa hukohuko!

Nikabadilisha maneno mawili matatu, nikaita wenyewe. Mausi chini, kaboksi kakatokea hapohapo pembeni ya kishale, KIPO. Mama akatoa bahasha, akahesabu noti moja moja huku anaiangalia skrini kwa jicho la pembeni.

Mzee alifurahi, akatoa simu yake mfukoni akafungua ramani, akaburuza kidole mara tatu, ramani inapanda inashuka.

"Sasa fundi, mbona huku kaboksi hakatoki?"